Sura ya Sita: Mbegu za Dhahabu

Mtoto amekesha na homa. Kulipokucha mama yake alimbeba mgongoni hadi zahanati, na sasa wamekaa kwenye benchi wakisubiri zamu. Mhudumu anamtoboa mtoto ncha ya kidole, anachukua tone la damu, analiweka kwenye kijitundu cha kipande cha plastiki, anadondosha matone machache ya maji ya kipimo, kisha anatazama saa ya ukutani. Robo saa baadaye anakiinua kile kipande mwangani. Mistari miwili.

"Mama, mtoto ana malaria," anasema, na mkono wake umeshafika kwenye boksi la dawa mseto.

Tukio hili hurudiwa kila siku kutoka Kigoma hadi Kisumu, na ile mistari tumeizoea kiasi kwamba hakuna anayeuliza imetoka wapi. Wapo wanaodhani ni damu ya mtoto iliyofika pale. Wapo wanaodhani ni wino. Si damu, wala si wino. Katika vipimo vingi vya haraka vya malaria, na katika vipimo vingi vya ujauzito vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa, wekundu ule ni dhahabu. Ni dhahabu halisi, ileile inayochimbwa Geita na kufuliwa na masonara, ila imekuzwa ndani ya maji ikaachwa ndogo mno, hata ikapoteza umanjano wake.

Sura hii ni ya maji hayo mekundu: yanavyopikwa, na jinsi mpishi anavyoamua chembe zake ziwe za kimo gani.

Ndoo kichwani

Chukua pete ya dhahabu uikate nusu, kisha nusu ya nusu, uendelee hivyo. Kwa muda mrefu kila kipande kitabaki cha manjano, hata kile usichoweza tena kukiona bila hadubini. Mabadiliko huja ukishaingia kwenye ulimwengu wa nanomita. Nanomita moja ni sehemu ya milioni ya milimita, na unywele wa binadamu una unene wa nanomita 80,000 hivi. Chembe ya dhahabu yenye upana wa nanomita 20 ni ndogo kiasi kwamba zinahitajika 4,000, zimepangwa bega kwa bega, kuvuka unywele huo mmoja. Hata hivyo, ndani yake mna atomi karibu 250,000. Chembe kama hizo zikielea majini, maji huwa mekundu kama juisi ya choya.

Sababu ni elektroni. Katika metali zipo elektroni zisizofungwa kwenye atomi moja; zinatembea ndani ya kipande kizima kama maji ndani ya ndoo. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani anajua kwamba kuna mwendo fulani unaoyatia maji wazimu. Hatua zikilingana na msukosuko wake, maji huruka na kumlowesha mbebaji. Akibadili mwendo, hutulia. Nuru nayo ni mawimbi, na mawimbi hayo huzisukuma elektroni huku na huku. Kwa chembe ndogo ya dhahabu iliyomo majini, hatua inayozitia wazimu ni ya nuru ya kijani, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 520 hivi. Nuru hiyo humezwa, na inayopita hadi kwenye jicho lako ni ile iliyoelemea kwenye wekundu. Chembe zikinenepa, au zikigandamana, ndoo imebadilika na hatua yake pia, na maji hugeuka zambarau, kisha buluu. Mjerumani Gustav Mie alizipiga hesabu za jambo hili mwaka 1908, na wanasayansi bado wanazitumia.

Kwa hiyo rangi ni rula. Anayetaka wekundu ulio sawasawa lazima apate matrilioni ya chembe zenye kimo kimoja, na hakuna tupa, kisu wala kinu kitakachompa. Ndiyo maana kazi huanzia upande wa pili, kwenye atomi mojamoja, na kupanda juu. Chembe hizi hazichongwi. Huoteshwa, na si ajabu kwamba lugha inayoieleza kazi hii vizuri kuliko zote ni lugha ya mkulima.

Chupa za mtoto wa mhunzi

Watu walipata rangi hii muda mrefu kabla ya kuielewa. Katika jumba la makumbusho la British Museum mjini London kuna kikombe cha glasi cha Warumi wa karne ya 4, kiitwacho Kombe la Lycurgus. Ukikitazama kikiwa kimeangaziwa kwa nje ni cha kijani. Taa ikiwekwa ndani yake huwaka kwa wekundu. Glasi yake ina chembe ndogo mno za dhahabu na fedha. Mafundi walioitengeneza hawakuwa na njia ya kujua hilo. Walijua tu kwamba imekubali.

Aliyelitafuta jibu ni Michael Faraday, mtoto wa mhunzi, aliyeanza maisha akijifunza kazi ya kujalidi vitabu na kuishia kuwa mwanasayansi mkubwa wa Uingereza wa zama zake. Umeme ndio uliompa jina. Lakini akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, katika maabara ya Royal Institution jijini London, alijishughulisha na dhahabu na nuru. Alichukua maji yenye chumvi ya dhahabu, akayakutanisha na fosforasi, akapata kimiminika chekundu. Mbele ya macho kilikuwa safi kama mvinyo. Faraday akakipitishia mwali mwembamba wa mwanga, na mwali ukaonekana ndani yake, kama unavyoonekana mwali wa jua unaopenya tundu la bati na kuwasha vumbi la chumbani. Maji matupu hayafanyi hivyo. Akahitimisha kwamba dhahabu ilikuwa imo humo kama metali, katika vipande vidogo kupita uwezo wa hadubini zote za wakati ule.

Tarehe 5 Februari 1857 aliwasilisha matokeo yake mbele ya Royal Society. Aliripoti pia kwamba akitia chumvi kidogo, kimiminika hugeuka buluu na hakirudi tena kuwa chekundu. Jambo hilo tulitunze, tutalihitaji. Baadhi ya chupa zake zimehifadhiwa Royal Institution hadi leo, na zaidi ya miaka 160 baadaye bado zina rangi.

Kuipokonya na kuirudishia

Fosforasi ni hatari na huwaka yenyewe hewani, kwa hiyo njia ya Faraday haikudumu. Njia inayotumika kuliko zote ilielezwa kwa kina mwaka 1951 na John Turkevich wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, pamoja na Peter Stevenson na James Hillier. Hillier alikuwa miongoni mwa waliojenga hadubini za mwanzo za elektroni, na kwa hadubini hizo mpishi wa dhahabu aliweza kupiga picha ya alichokipika.

Kwanza dhahabu lazima iyeyushwe, na dhahabu ni kaidi. Asidi moja ya kawaida peke yake haiiwezi. Zikichanganywa asidi mbili, sehemu tatu za haidrokloriki na moja ya naitriki, hupatikana kimiminika chenye moshi mkali ambacho wanaalkemia wa Ulaya walikiita maji ya kifalme, kwa sababu kinamyeyusha mfalme wa metali. Kinachobaki baada ya kukaushwa ni chumvi ya manjano. Ndani yake kila atomi ya dhahabu imepokonywa elektroni tatu, na kwa sababu hiyo inakubali kuyeyuka majini kama chumvi nyingine. Kuirudisha kuwa metali ni kuirudishia elektroni zake tatu. Kazi hiyo Turkevich aliikabidhi sitrati ya sodiamu, chumvi inayotokana na asidi ileile inayoyapa ndimu na malimau ukali wake.

Kanuni yake ni fupi. Mililita 95 za maji yenye miligramu 5 za dhahabu huchemshwa. Yakitokota, humiminwa mililita 5 za mmumunyo wa sitrati wa asilimia 1, huku yakikorogwa kwa nguvu. Umanjano hafifu wa mwanzo hufutika, na kwa muda utadhani umemwaga dhahabu yako bure, kwani chombo kina maji meupe tu. Halafu giza la kijivu chenye buluu hujitokeza, likolee, ligeuke zambarau, na ghafla zambarau hujisafisha na kuwa wekundu wa rubi. Yote hayo ni dakika chache. Miligramu 5 za dhahabu ni kipande kidogo kuliko punje ya ufuta. Zikigawanywa katika chembe za nanomita 20, hutoka chembe zinazofikia trilioni 60.

Mara ya kwanza nilipoifanya kazi hii, nikiwa mwanafunzi, sikupata rubi. Nilipata maji meusi kama yaliyooshewa sufuria ya kuni, na kesho yake yakawa meupe juu na tope chini. Nilimpelekea mzee aliyekuwa akisimamia maabara. Aliitazama chupa bila kuishika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Chupa uliiosha na nini?"

"Sabuni, mzee."

"Na maji?"

"Ya bomba."

Hakugomba. Aliiingiza chupa kwenye kabati la kufyonzea hewa, akavaa glovu, akaisuuza kwa maji ya kifalme, kisha kwa maji yaliyokenekwa mara tano. "Rudia," akasema.

Nilirudia, na mara hii nikapata wekundu. Ilinichukua muda kuelewa kwamba somo lile halikuhusu usafi wa kawaida. Gramu moja ya dhahabu ikiwa kipande kimoja cha mchemraba, ngozi yake ya nje haifiki hata sentimita moja ya mraba. Gramu hiyohiyo ikiwa chembe za nanomita 20, ngozi zake zikijumlishwa hufika mita 15 za mraba, sakafu ya chumba cha kulala. Dhahabu ya namna hii ni ngozi tupu, na chochote kilichomo majini, mabaki ya sabuni, chumvi ya bomba, dhahabu kavu iliyoganda kwenye mkwaruzo wa chupa, kitakutana na ngozi hiyo kabla yako.

Watoto wa rika moja

Sasa tuingie ndani ya chombo kinachotokota. Sitrati inatoa elektroni, na atomi za dhahabu zinarudi kuwa metali mojamoja. Dhahabu ikiwa metali haiyeyuki majini, kwa hiyo kila atomi inatafuta wenzake. Mbili zinakutana, tatu, kumi, kisha zinaachana. Kikundi kidogo hakina nguvu ya kudumu kwa sababu karibu atomi zake zote ziko ukingoni, na ya ukingoni haijashikwa vizuri. Vikundi vingi huvunjika. Lakini kuna ukubwa fulani ambao kikundi kikiuvuka hakirudi nyuma: kila atomi inayogusa hunasa. Hiyo sasa ni mbegu, na imeota.

Mwaka 1950, Victor LaMer na Robert Dinegar wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walieleza namna ya kupata chembe zinazolingana. Hawakuwa na dhahabu. Walikuwa wakichunguza chembe za salfa. Walisema mbegu huzaliwa pale tu ambapo atomi huru zimejaa majini kupita kizingiti fulani. Wingi wake ukivuka kizingiti, mbegu huchipuka kwa pamoja kama uyoga baada ya mvua. Mchipuko huo wenyewe hula atomi, wingi hushuka chini ya kizingiti, na uzazi husimama. Atomi zinazoendelea kutolewa hazianzishi mbegu mpya bali hulisha zilizopo.

Hii ndiyo siri ya kulingana. Chembe zilizozaliwa saa moja na kula chungu kimoja hukua kimo kimoja, kama watoto walioingia jandoni pamoja. Uzazi ukiendelea huku wakubwa wakikua, utapata nyumba yenye kitinda mimba anayenyonya na kifungua mimba mwenye ndevu, na maji yako yatakuwa na rangi isiyo na jina.

Baada ya kulingana linafuata swali la kimo. Mwaka 1973 G. Frens, mkemia wa maabara za utafiti za Philips huko Eindhoven, Uholanzi, alichapisha makala fupi ambayo wapishi wa dhahabu wameitaja maelfu ya mara. Aliacha kiasi cha dhahabu kilekile, akabadilisha sitrati tu. Kwa kufanya hivyo alipata chembe za kuanzia nanomita 16 hadi karibu 150. Kinachomshangaza mgeni ni mwelekeo wake: ukiongeza sitrati chembe huwa ndogo, ukiipunguza huwa kubwa.

Mkulima wa mahindi hashangai. Ukimwaga mbegu nyingi kwenye jaruba moja utapata mimea mingi iliyokonda, kwa sababu mbolea ni ileile. Ukipanda chache kwa nafasi, kila mmoja utanenepa. Sitrati nyingi huzaa mbegu nyingi na kuzilinda zisigandamane, na miligramu zilezile za dhahabu hugawanywa kwa walaji wengi. Sitrati haba huzaa mbegu chache, na kila moja hula kwa nafasi. Kwenye dhahabu mambo yana mikunjo zaidi ya hesabu ya LaMer, kwa kuwa sitrati hubadilisha pia uasidi wa maji, na uasidi huamua chumvi ya dhahabu iwe na haraka au uvivu. Hata hivyo kanuni ya shamba inasimama: anayetawala idadi ya mbegu ametawala kimo cha mavuno.

Njia ya Frens ina kikomo. Hadi nanomita 30 hivi chembe hutoka duara na sawa. Unapotafuta kubwa zaidi, mbegu haba huzaliwa kwa kuchelewachelewa, rika linavunjika, na chembe huanza kuwa na maumbo ya viazi. Kosa liko wapi? Liko katika kutaka kupanda na kukuza ndani ya chungu kimoja, kwa moto mmoja, saa moja.

Kitalu kwanza, shamba baadaye

Aliyezitenganisha kazi hizi mbili ni Richard Zsigmondy, mzaliwa wa Vienna aliyewahi kufanya kazi katika kiwanda cha glasi huko Jena, Ujerumani. Pamoja na Henry Siedentopf alibuni hadubini inayomulika kutoka ubavuni, kwa wazo lilelile la mwali wa Faraday, na kwayo akaziona chembe za dhahabu moja moja kama vidoa vya nuru vinavyochezacheza gizani. Alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1925.

Mwaka 1906 Zsigmondy alieleza njia aliyoiita ya mbegu. Alitengeneza kwanza maji mekundu yenye chembe ndogo sana kwa mtindo wa Faraday. Hicho kilikuwa kitalu. Kisha alichukua kiasi kidogo cha maji hayo akakitia katika maji mengine yenye chumvi mpya ya dhahabu na kemikali pole ya kutoa elektroni. Upole huo ndio ujanja wote. Kemikali kali huirudisha dhahabu kwa pupa, atomi zikajaa na kuvuka kizingiti, mbegu mpya zikazaliwa. Kemikali pole, kama vile vitamini C inayotumika sana leo, peke yake haifikishi atomi kwenye kizingiti. Lakini ngozi ya dhahabu ikiwepo tayari, kazi hufanyika juu ya ngozi hiyo, na dhahabu mpya hutua juu ya dhahabu ya zamani. Hakuna anayezaliwa. Waliopo wanakua tu.

Hapo mpishi hukutana na hesabu ambayo lazima aiheshimu. Chembe hukua pande zote tatu, kwa hiyo upana ukizidishwa mara mbili, dhahabu inayohitajika huzidi mara nane. Kutoka nanomita 20 hadi 40 ni mara nane. Kutoka 20 hadi 100 ni mara 125. Anayetaka chembe kubwa hawezi kumimina chumvi yote kwa mkupuo mmoja, kwa sababu mafuriko hayo yatavuka kizingiti na kuotesha magugu: chembe ndogo mpya katikati ya rika la zamani. Na magugu ya shamba hili hayapaliliki kwa jembe.

Dawa yake ni kwenda kwa awamu na kupunguza miche. Mwaka 2011 kikundi cha watafiti wa Barcelona, Hispania, kilionyesha mfano mzuri, kikitumia sitrati ileile ya Turkevich bila kemikali nyingine. Walipika mbegu, wakashusha joto kutoka kwenye mchemko hadi nyuzi 90 ili uzazi wa mbegu mpya usimame, wakatia dhahabu kidogo, wakasubiri, wakatia tena. Kisha wakatoa sehemu ya maji na kujaza mapya ili walaji wapungue, wakarudia. Kwa uvumilivu huo walifika karibu nanomita 200, na chembe zikabaki duara. Tofauti kati yao na aliyepata viazi ni nyuzi 10 za joto na subira.

Hata umbo hutawaliwa hivyo. Mwaka 2001 Catherine Murphy na wenzake wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walitia mbegu ndogo kwenye maji yenye vitamini C na sabuni maalumu inayong'ang'ania mbavu za chembe kuliko ncha zake. Dhahabu ikanyimwa mbavu, ikajenga kwenye ncha, na chembe zikatoka kama vijiti. Kijiti kina hatua mbili za kuzitia elektroni wazimu, ya upana na ya urefu, kwa hiyo kikirefushwa hubadilika rangi, na kinaweza kumeza hata nuru iliyo nje ya uwezo wa jicho.

Mbona hazizami?

Dhahabu ni nzito kuliko maji mara 19. Kwa nini basi haizami chini ya chupa? Chembe zinapigwa na molekuli za maji kutoka kila upande bila kukoma, na kwa kitu kidogo kiasi hiki vishindo hivyo hushinda uzito. Vinazipeleka juu, chini na kando, na huko ndiko kuchezacheza alikokuona Zsigmondy.

Adui wa kweli ni kugandamana. Chembe mbili zikigusana ngozi kwa ngozi hushikana, nyingine huzifuata, na mzigo ukishakuwa mkubwa vishindo vya maji haviuwezi tena. Hapa sitrati hufanya kazi yake ya pili. Huivika kila chembe vazi lenye chaji hasi, na chaji za namna moja husukumana. Ukitia chumvi ya mezani, sodiamu hulizunguka vazi hilo na kuufunika ukali wake, chembe husogeleana, na wekundu hugeuka buluu. Ndicho alichokiona Faraday, na ndicho kilichonipata na maji yangu ya bomba. Baridi ya kugandisha huleta maafa hayohayo: barafu husukuma chembe na chumvi kwenye nafasi finyu. Maji ya dhahabu huhifadhiwa kwenye friji, kamwe si kwenye friza.

Faraday aligundua pia kwamba jelatini kidogo huulinda wekundu wake dhidi ya chumvi. Jelatini ni protini, na protini hung'ang'ania ngozi ya dhahabu. Kinga hiyo ndiyo iliyoileta dhahabu zahanati. Mtengeneza kipimo huzivika chembe kingamwili, protini zilizochaguliwa kwa sababu zinanasa kitu kimoja tu. Kwa kipimo cha malaria kali ya falciparum, kitu hicho kwa kawaida ni protini ya kimelea iitwayo HRP2. Chembe zilizovikwa hukaushwa kwenye mwanzo wa utepe. Damu na maji ya kipimo vikipita huziamsha na kuzibeba. HRP2 ikiwepo, hushikwa na chembe, kisha hunaswa na kingamwili nyingine zilizochorwa kama mstari kwenye utepe, na dhahabu hurundikana hapo. Chembe zisizonasa husonga hadi mstari wa pili, mstari wa uhakiki, zikaonyeshe kwamba safari ilikamilika.

Watengenezaji wengi hupendelea chembe za nanomita 40 hivi. Ndogo mno hazionekani vizuri zikinaswa. Kubwa mno hupita kwa shida kwenye utepe na kutulia vibaya chupani. Ili kufika 40 bila kuvunja rika, wengi hurudi kwenye wazo la 1906: kitalu kwanza, shamba baadaye.

Fedha, ndugu mdogo wa dhahabu, hupikwa kwa njia zinazofanana, na maji yake huwa ya manjano. Ni ngumu zaidi kuitunza, kwa sababu hewa huila. Pia hutoa ayoni zinazoua bakteria, na sifa hiyo ya kweli imezaa biashara ya uongo: chupa za koloidi ya fedha zinazouzwa mtandaoni kama dawa ya kila ugonjwa. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitamka kwamba dawa kama hizo, zinazouzwa bila cheti cha daktari, hazijathibitika kuwa salama wala kutibu. Anayezinywa kwa muda mrefu anaweza kugeuka ngozi ikawa ya kijivu chenye buluu, na rangi hiyo haitoki. Usinywe.

Mstari hafifu

Turudi kwenye benchi la zahanati. Kuna siku mstari wa kipimo hutokea kwa shida, wekundu wa kubahatisha, na mtu husema, "Ni malaria kidogo tu," au "Hicho si kitu." Wewe uliyeifuata dhahabu kutoka kwenye maji ya kifalme hadi hapa unajua kinachomaanishwa na uhafifu wa rangi. Mstari uliokolea ni chembe nyingi zilizonaswa. Mstari hafifu ni chembe chache. Lakini kwenye mstari ule chembe haitakiwi kukaa isiposhikiliwa na kilichotafutwa. Ndiyo maana mafunzo ya wahudumu yanasema bila kigugumizi: mstari wa uhakiki usipotokea, kipimo hakifai, kirudiwe kwa kingine. Ukitokea, na mstari wa kipimo nao ukaonekana ndani ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, hata uwe hafifu namna gani, jibu ni chanya, na mtoto atibiwe.